Barua ya wazi kuhusu viwanja, ghorofa na majiji yanayotambaa

Kwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,
Kwa Waziri wa Nchi, TAMISEMI,
Kwa Wakurugenzi wa Majiji ya Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Arusha, Mbeya na Tanga,

Waheshimiwa,

Tunaoandika barua hii ni wapangamiji, wapima ardhi na wahandisi wa maji na barabara. Kila majiji yetu yanapolinganishwa, hesabu inayotumika ni ileile: idadi ya watu igawanywe kwa eneo la mkoa au la halmashauri, lipatikane jedwali. Jedwali hilo linawapotosha, na maamuzi yanayotokana nalo yanaligharimu taifa mabomba, nguzo za umeme na barabara ambazo hatuna fedha za kuzitunza.

Chukueni Sensa ya 2022. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 katika kilomita za mraba 1,393, yaani watu 3,865 hivi kwa kila kilomita. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 765,179 katika eneo linalozidi kilomita za mraba 2,500, kwa hiyo hawafiki hata 310. Anayesoma haraka anahitimisha kwamba Dar imefurika na Dodoma ina nafasi tele. Lakini ndani ya mipaka ya Dodoma mna mashamba ya mtama na zabibu, vilima na vichaka. Ndani ya Dar mna msitu wa Pande, bonde la Msimbazi na mashamba ya Kigamboni. Huko Mwanza, sehemu kubwa ya eneo la Manispaa ya Ilemela ni maji ya Ziwa Victoria. Hao watu 3,865 wa Dar hamtawakuta popote: Manzese na Tandale wanazidi 20,000 kwa kilomita ya mraba, na kuna mitaa ya viwanja vikubwa pembezoni ambako kila baada ya nyumba moja unapita viwanja viwili vya majani.

Kipimo kinachofaa ni ardhi iliyokwisha kujengwa kwa kila mkazi. Kazi yenyewe si ngumu. Picha za setilaiti zinapatikana bure, mipaka ya maeneo ya kuhesabia watu tayari iko Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Chora ukingo wa majengo yaliyoshikana, toa maji, misitu na mashamba, kisha gawanya kwa watu wanaolala humo. Rudia kwa mwaka wa sensa iliyotangulia. Ukilinganisha kasi ya ardhi inayoliwa na kasi ya watu wanaoongezeka, unapata kiashiria 11.3.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, ambacho serikali yetu ilikwisha kukubali kukitolea taarifa. Jiji linalokula ardhi haraka kuliko linavyopata watu linajiongezea gharama kila mwaka, hata kama jedwali la wastani linaonyesha limebanana.

Kuna jambo moja katika sensa ambalo tunaliona halijapewa uzito wake. Kati ya 2012 na 2022 Dar es Salaam iliongezeka kutoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, ongezeko la takriban milioni moja na elfu kumi na tisa. Wengine walipumua, wakasema kasi ya Dar imepungua. Tazameni Mkoa wa Pwani katika miaka hiyohiyo: kutoka 1,098,668 hadi 2,024,947. Mkoa uliokuwa na robo ya watu wa Dar umeongeza watu zaidi ya laki tisa. Jiji halikupunguza mwendo. Lilivuka mpaka. Nyumba zimeifuata Barabara ya Morogoro hadi Kiluvya na Kibaha, ya Bagamoyo hadi Mapinga na Kerege, ya Kilwa hadi Vikindu na Mkuranga. Mwenye nyumba Mapinga anafanya kazi Posta, anatumia barabara za Dar, lakini kiwanja chake kimo katika ramani ya halmashauri isiyokaa meza moja na Kinondoni.

Na hiyo meza yenyewe haipo tena. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa ilivunjwa, Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Sababu za kuivunja tunazijua, na nyingine zilikuwa za kweli. Ila kazi ya kuunganisha mipango ya halmashauri tano za Dar pamoja na Kibaha, Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo haikupewa mtu. Mtaro wa maji ya mvua unaanzia halmashauri moja na kumwaga katika nyingine, na kila mhandisi anachora kipande chake. Tunaomba chombo kidogo cha kisheria cha ukanda mzima, chenye mamlaka katika mambo manne tu: ukingo wa ujenzi, barabara kuu, mitaro mikuu na mabomba makuu.

Sasa tuje kwenye kiwanja, maana jiji linatambaa kiwanja kimoja kimoja. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Ukitoa asilimia 40 kwa barabara, shule, zahanati na maeneo ya wazi, zinabaki 6,000. Viwanja vya mita za mraba 1,200 vitatoka 5. Vya 600 vitatoka 10. Vya 300 vitatoka 20. Ikiwa kila kiwanja kina kaya moja ya watu wanne, hekta hiyo itabeba watu 20, au 40, au 80. Ukiruhusu kwenye kiwanja cha 300 nyumba ya sakafu tatu yenye kaya tatu, watakuwa wengi zaidi, na haki itendeke: watu wengi wanahitaji shule na viwanja vya michezo vingi zaidi, kwa hiyo tenga nusu ya hekta badala ya asilimia 40. Bado unapata viwanja 16 na watu wapatao 190. Tafsiri yake kwa jiji zima: watu milioni moja wakikaa 40 kwa hekta wanahitaji kilomita za mraba 250, zaidi ya sehemu moja ya sita ya Mkoa wa Dar es Salaam. Wakikaa 190 kwa hekta zinawatosha kilomita 53 hivi.

Upana wa mbele wa kiwanja una uzito kuliko hata ukubwa wake, na hapa ndipo wachoraji wengi wanakosea. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kinatazama barabara kwa mita 20. Kwa kuwa kuna jirani ng'ambo ya barabara, kila kaya inabeba mita 10 za barabara, mita 10 za bomba na mita 10 za waya. Kiwanja cha mita 12 kwa 25 kinabeba mita 6. Kikiwa na kaya tatu, mita 2 tu kwa kaya. Kwa kaya 1,000 hiyo ni tofauti ya kilomita 10 dhidi ya kilomita 2 za bomba lilelile, linalovuja vilevile, linalolindwa na fundi yuleyule. Halafu nusu ya viwanja vikae bila kuendelezwa, kama ilivyo katika mitaa mingi iliyopimwa: zile mita 10 zinakuwa 20. Mamlaka ya maji inalaza bomba refu kwa wateja wachache, maji yanakaa bombani, klorini inaisha kabla hayajafika mwisho wa mtaa.

Ndiyo maana tunasema Dodoma inatupa hofu kuliko Dar. Dar ilitambaa bila ramani. Dodoma inatambaa kwa ramani na mihuri. Mji uliamuliwa 1973 kuwa makao makuu, na mpango wake wa 1976 uliwaza vitongoji vyenye vituo vyao, vilivyounganishwa kwa mabasi, watu wakitembea kwa miguu kwenda sokoni. Tangu serikali ihamie kwa kasi mwaka 2016, na CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ustawishaji wa makao makuu, kuvunjwa 2017, kilichoongoza ni uuzaji wa viwanja. Mji wa Serikali uko Mtumba, kilomita zipatazo 17 mashariki ya katikati ya mji; stesheni ya reli ya kisasa (SGR) iko Mkonze, upande mwingine kabisa; Chuo Kikuu cha Dodoma kiko mahali pake; katikati yake viwanja vipana vyenye bikoni, yaani alama za mipaka, na miiba. Idadi ya watu kati ya 2012 na 2022 ilitoka 410,956 hadi 765,179, na mji huo kwa kiasi kikubwa unanyweshwa na visima vya Mzakwe. Kila kilomita ya bomba inayokwenda kumhudumia mwenye kiwanja cha mita za mraba 1,200 ni kilomita ambayo haikwenda Chang'ombe au Nzuguni kwenye foleni ya ndoo.

Mwanza ni kinyume chake. Vilima vya mawe vya Igogo, Mabatini na Bugando vimewabana watu mpaka juu kabisa, kwa sababu chini kuna kazi, ziwa na soko. Hapo ardhi haipotei, bali maji hayapandi na majitaka yanashuka yenyewe ziwani. Wahandisi wa Mwanza wamelaza katika baadhi ya miinuko hiyo mabomba membamba ya majitaka yanayopita vichochoroni, na kazi hiyo inastahili kuigwa, tutairudia hapo chini. Arusha imezuiwa na mashamba makubwa ya kahawa na miteremko ya Meru, ikaruka: Ngaramtoni na Kisongo ziko Halmashauri ya Arusha, Usa River iko Meru, lakini asubuhi wote wanaelekea mjini. Mbeya imenyooka kama kamba kati ya Uyole na Mbalizi, barabara moja ya TANZAM, iendayo Zambia, ikibeba malori ya Tunduma, daladala, bodaboda na watoto wa shule. Mji wa namna hiyo haukosi ardhi, unakosa barabara ya pili sambamba, na hiyo ni nafuu kuliko kuipanua ya kwanza kila baada ya miaka kumi.

Tanga tunaiweka peke yake kwa sababu imebeba jibu ambalo hatujalitazama vya kutosha. Ngamiani, kama Kariakoo ya zamani, ilichorwa kwa mitaa iliyonyooka na viwanja vidogo. Nyumba ya Kiswahili juu ya kiwanja hicho ina ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma penye jiko, bafu na choo, na baraza mbele. Kaya tatu au nne zinaishi humo, nyumba ya chini, bila lifti, bila mkopo wa benki, na gari la taka linapita kila mtaa. Ujazo mkubwa si lazima uwe ghorofa kumi na tano. Tunaomba viwanja vya namna hiyo, mita 12 hadi 15 mbele, virudi katika michoro mipya kama kawaida, na vile vya mita za mraba 1,200 viwe ndivyo vinavyohitaji maelezo.

Kwa nini basi tunaendelea kukata viwanja vikubwa mbali? Kwa sababu fedha zimepangwa hivyo, na hili liko mikononi mwenu. Programu ya Kupanga, Kupima na Kumilikisha (KKK) inaikopesha halmashauri, nayo hurudisha mkopo kwa kuuza viwanja. Mkurugenzi mwenye deni atatafuta shamba la fidia ndogo, nalo liko mbali. Atachora, ataweka bikoni, atauza kwa mita ya mraba. Gharama ya kupeleka maji si yake, ni ya mamlaka ya maji. Ya barabara ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ya nguzo ni ya TANESCO. Halmashauri inapata faida yake siku ya kuuza, na hasara inagawanywa kwa wengine kwa miaka thelathini. Sharti tunaloomba ni hili: mkopo wa KKK usitoke mpaka TARURA, TANESCO na mamlaka ya maji ziwe zimesaini mchoro na kutaja mwaka wa kufika, na bei ya kiwanja ibebe barabara ya changarawe, mtaro na bomba kuu. Kiwanja kitapanda bei, ndiyo. Lakini kitakuwa kidogo, na mnunuzi hatalipia maji ya boza kwa miaka minane.

Kodi ya majengo nayo inasukuma upande uleule. Tangu Julai 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inalipa 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, wakati ghorofa mjini inalipa 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu, yaani 90,000 kwa mwaka. Jengo la sakafu nne linalipa 360,000. Tuseme lina kaya nane: kila moja imebeba 45,000. Jirani mwenye nyumba ya chini katikati ya nusu ekari, anayetumia mita 40 za barabara peke yake, analipa 18,000. Na mwenye kiwanja kitupu hana LUKU, kwa hiyo kodi ya majengo haimgusi kabisa. Anadaiwa pango la ardhi tu. Aliyejenga kwa kubana anaadhibiwa, aliyefuga majani anapumzishwa. Tunaomba kodi ihame kutoka kwenye sakafu kwenda kwenye ukubwa wa kiwanja na mahali kilipo, na pango la viwanja visivyoendelezwa vilivyokwisha kufikiwa na bomba lipande kila mwaka. Hati zetu zinamtaka mmiliki aendeleze ndani ya miezi 36. Sharti lipo, halisimamiwi, na si lazima kumnyang'anya mtu kiwanja ili lisimamiwe, ankara inatosha.

Kuhusu makazi yaliyokwisha kubanana, tunaomba urasimishaji ubadilishwe utaratibu. Ulivyo sasa, kampuni inakuja, inapima nyumba zilipo, kichochoro cha mita moja na nusu kinaingia kwenye ramani kama kilivyo, hati zinatoka. Siku ile kichochoro kimegandishwa kwa miaka 99. Gari la zimamoto haliingii, la kunyonya majitaka haliingii, na mpira wake hauwezi kuvutwa kupita nyua za watu kumi. Matokeo mnayajua: mvua ikinyesha watu wanatapisha vyoo, kinyesi kinakwenda mtaroni, kisima kifupi cha jirani kinaharibika, kipindupindu kinarudi. Kabla ya bikoni ya kwanza, kila kundi la nyumba 30 hadi 50 likae na mpima na mwenyekiti wa mtaa, likubaliane njia moja ya mita 4 inayopenya katikati, kila upande ukitoa mita moja na robo. Anayepoteza chumba au choo alipwe na wote wanaofaidika, na kiasi kiandikwe kwenye muhtasari wa mtaa kabla hajabomoa. Mahali ambapo hili halikufanyika, kesi za mipaka zimekula muda kuliko upimaji wenyewe.

Na kichochoro kinachobaki kibebe bomba la majitaka. Bomba la milimita 100, kina cha sentimita 40 hadi 60 mahali ambapo magari hayapiti, mteremko usiopungua sentimita moja kwa kila mita mbili, kisanduku cha ukaguzi kila baada ya mita 20 hivi na kwenye kila kona. Huziba kwa sababu tatu zinazojulikana: mafuta ya jikoni, mchanga, na mtu aliyeunganisha maji ya mvua ya uani. Kwa hiyo kila nyumba iwe na chujio la mafuta na mchanga kabla ya kuungwa, na mtaa uwe na fundi anayelipwa kupitia ankara ya maji. Mwanza mteremko unasaidia. Mahali ambako ardhi ni tambarare na maji ya chini yako juu, patahitajika pampu, na pampu ina bili ya umeme. Bajeti isiyotaja bili hiyo ni bajeti ya bomba litakalozibwa.

Ghorofa zina nafasi yake, hasa kandokando ya njia za mwendokasi na stesheni za SGR. Magomeni Kota wakazi wa kaya 644 walipata nyumba mpya mahali palepale walipokuwa, na hilo ni jema ambalo halijafanyika mara nyingi. Kasoro yake ilikuwa muda: walihamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, nyumba zikazinduliwa Machi 2022. Mradi wa aina hii ujengwe kwa awamu, jengo la kwanza kwenye eneo tupu, watu wahamie humo, ndipo la pili livunjwe. Maghorofa ya Michenzani, Zanzibar, yanafundisha upande wa pili: ghorofa bila mfuko wa matengenezo inachakaa kuanzia tangi la juu na bomba la majitaka. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawataka wenye nyumba wawe na umoja wao. Msajili asitoe hati za sehemu mpaka umoja huo uwe na akaunti na ada iliyokubaliwa. Na baada ya jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024, hakuna wa kuambiwa tena kwamba kibali cha karatasi kinatosha. Mhandisi wa halmashauri asaini mara tatu akiwa eneo la ujenzi: msingi kabla ya kufukiwa, nguzo kabla ya zege, slabu kabla ya zege. Uchimbaji wowote karibu na jengo linalokaliwa na watu usianze bila yeye.

Yote haya hayawezi kufanyika mwaka mmoja, na hatudai hivyo. La haraka ni Dodoma, kwa sababu huko bado bikoni ni nyingi kuliko nyumba. Tunaomba michoro yote ambayo haijauzwa ndani ya barabara ya mzunguko irudishwe mezani. Viwanja vya 1,200 vigawanywe. Ukanda wa Mtumba hadi Mkonze upewe njia moja ya mabasi iliyotengwa kabla fidia haijapanda. Na halmashauri isiidhinishe mchoro mpya nje ya mzunguko huo hadi viwanja saba kati ya kumi vilivyouzwa ndani viwe na paa. Tuko tayari kukaa na wataalamu wenu, mchoro kwa mchoro.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wapangamiji, wapima ardhi na wahandisi